Pua ya Mkaguzi wa Mizigo

Mkaguzi wa mizigo pale uwanja wa ndege wa Eldoret hana haraka. Huweka viganja juu ya katoni, huinama mpaka pua iguse kamba, kisha hukukazia macho kama anayekujua vizuri. Mimi nilidhani anachagua cha kuiba. Siku ya Jumanne, nikiwa kwenye foleni na mzigo wangu, alisimama kwenye katoni ya Hamza, muuza simu wa mtaa wa Pioneer.

“Umebeba nini?”

“Nguo tu, mzee.”

“Nguo hazinuki hivi. Fungua.”

Hamza hakusogea, basi mkaguzi akaipasua mwenyewe. Chini ya suruali kulikuwa na betri za simu, moja imevimba na inatoa moshi. Aliikumbatia katoni, akakimbia nayo hadi nje, akaimwagia mchanga. Ndege iliyoingoja katoni hiyo ilishapakia abiria arobaini. Aliporudi, nilikuwa nimeshafungua mzigo wangu bila kuulizwa.