Bodi ya Wataalamu na Pombe ya Harusi

Nakiri upumbavu wangu: niliidhinisha kitu nisichokielewa. Miaka ile wakimbizi walipofurika kwetu, bodi ya wataalamu ilikuja kijijini kwetu Kanazi kuongoza utafiti wa dawa ya kuua vijidudu vya maji. Nami, mtu wa kukaa nyumbani tu, nikaitwa kuwakilisha kijiji, eti nilisoma kemia sekondari. Mabwana wale walibishana kutwa wakinywa soda. Chemchemi yenyewe tuliyochota maji hawakuisogelea. Wakaniuliza, dawa ikiongezwa maradufu kuna ubaya? "Hakuna," nikajibu, kama profesa.

Dawa ikamwagwa chemchemini, maradufu. Jirani yangu akachanganya maji yale na juisi ya ndizi, apate pombe ya harusi ya bintiye. Harusi ikafika, pombe haijachacha; dawa ilikuwa imeua hata chachu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Badala ya marahaba, akanifokea:

"Wewe na bodi yako mmeniulia pombe. Wakwe niwape nini, kemia yako?"