Shimo la Susu

Pasaka iliyopita dada yangu mdogo alikuja nyumbani, huko ndani nyuma ya mji wa Wote, na mtoto wake wa miezi sita, na kabla hata ya kunywa chai akataka twende mtoni. Alitaka kumkalisha mtoto kwenye shimo. Nikamwambia mto wenyewe haupo tena, akadhani namtania. Tulipofika ukingoni alijionea mwenyewe. Malori yalikuwa yamebeba mchanga wote, yakaacha mwamba mtupu na vidimbwi vya maji ya kijani. Kando ya barabara kulikuwa na rundo moja tu lililongoja kupakiwa. Nilitamani kumpiga mtu, yeyote yule.

Kama hukukulia kwetu, rafiki yangu, shimo hulijui. Mto wetu ulikuwa mchanga mwaka mzima, isipokuwa zile siku chache za mvua. Maji yalikaa chini, na nyanya yetu, ambaye sote tulimwita Susu, alijua pa kuchimba kwa kukanyaga tu. Tukishuka na mitungi na nguo chafu, kwanza alimchimbia shimo mtoto anayejifunza kukaa. Alichimba hadi penye unyevu, akatandika leso kuukuu, akamkalisha na kumshindilia mchanga hadi kiunoni, akiupigapiga kwa kiganja. Mtoto hakuanguka wala hakutambaa popote. Alikaa akicheka, nasi tukafua, tukachota, tukala muthokoi baridi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kutoka kwenye sufuria. Baba alilelewa kwenye shimo hilo, na baba mdogo, na mimi.

Usidhani lakini kwamba tulikuwa malaika. Ukoo wetu una mikono myepesi. Susu alitembea na ufito kwapani, mama alirusha mwiko. Baba na baba mdogo walipigana tangu utotoni: mmoja alikosa jino la mbele, mwingine alikuwa na kovu la jembe juu ya jicho, na ukiwauliza walicheka. Tulipigana, tukala, tukalala, na hakuna aliyeona ubaya.

Nilikuwa darasa la tatu baba mdogo, aliyekuwa akiendesha lori la kupeleka ndengu Mombasa, alipopata ruhusa ya kutubeba sote Desemba tukaone bahari. Tulipanda juu ya magunia na sufuria na kuku waliofungwa miguu. Dada yangu alikuwa na miezi saba. Kabla yake mama alikuwa amezika watoto wawili, kwa hivyo huyu hakuwekwa chini ovyo. Alitoka mgongoni kwa mama akaenda mapajani kwa Susu, basi. Tuliposimama Kambu kununua machungwa, baba na mdogo wake walishikana mashati kwa sababu ya mwendo wa lori, na Susu akawachapa miguuni mbele ya wauzaji.

Tulifika maji yakiwa yamepwa, ingawa neno hilo hatukulijua. Tuliona mchanga mpana wenye unyevu, na maji kule mbali. Susu akaukanyaga, akatabasamu.

"Hapa maji iko karibu," alisema.

Kwetu mchanga wenye unyevu una maji chini yake. Na mto wetu ukija, huja kutoka juu, kwa mngurumo, na unausikia ukiwa bado na muda wa kukusanya nguo. Akachimba, akatandika leso, akamshindilia dada hadi kiunoni. Alikaa naye muda mrefu akimpondea ndizi, ameipa bahari mgongo, akiangalia upande wa nchi kavu ambako, kwa alivyojua yeye, maji hutokea. Mama aliridhika, akaenda kupika kivulini karibu na lori.

Ugomvi ulianza kwa mzaha. Baba hakutaka kuvua viatu, baba mdogo akamcheka kuwa anaogopa maji, kisha akammwagia kikombe cha maji ya chumvi usoni. Baba akampiga ngumi. Walibingirika hadi motoni, sufuria ya wali ikapinduka, damu ikamtoka baba mdogo puani ikadondoka kwenye mchanga mweupe. Susu akaliacha shimo, akaja na ufito, akachapa mgongo huu na ule. Sisi watoto tulishangilia. Ilikuwa sehemu tamu kuliko zote za safari.

Mama ndiye aliyegeuka kwanza. "Mtoto ako wapi?"

Palipokuwa na shimo palikuwa na maji. Hayakuwa yamenguruma. Kichwa cha dada kilionekana, wimbi likapita juu yake, kikaonekana tena. Mama alimvuta mabega, lakini mchanga ulikuwa umemkaza miguu, na alivuta mpaka nikadhani atamng'oa mikono. Susu akamsukuma mama akaanguka majini. Akachimba kwa mikono miwili, haraka, jinsi alivyochimba visima, mpaka dada akatoka. Alikuwa kimya. Susu akamshika miguu, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa nguvu, tena na tena, na mama akamrukia akamvua kilemba akidhani anamuua. Ndipo dada akatapika maji na mchanga, akalia.

Mama akamchukua. Kisha akampiga Susu kofi la uso.

Kwetu mke hamwinulii mama mkwe hata sauti. Baba akanyanyua mkono ampige mama, na Susu akaudaka.

"Wachana na yeye," alisema. "Hiyo kofi ni yangu."

Tulirudi siku hiyo hiyo. Tangu hapo Susu hakupakata mtoto tena. Shangazi alipojifungua alimletea wake, naye akamsalimia kwa macho tu, mikono ameificha chini ya leso. Alifariki nikiwa sekondari. Baba na baba mdogo hawakugombana hata kwenye mazishi, walikuwa wameacha kabisa, na mimi nilitamani wapigane.

Dada hakumbuki lolote kati ya hayo; shimo analijua kwa masimulizi tu. Siku ile ya Pasaka alipanda kwenye rundo la kando ya barabara akaanza kuchimba kwa mikono.

"Madam, tokeni hapo, lori inakuja," vijana wa kupakia wakapaza sauti.

Mama alikuwa ametufuata polepole na mkongojo wake. Alivua leso, akaitandika, akamkalisha mjukuu wake, akapiga magoti na kumshindilia mchanga hadi kiunoni, akiupigapiga kwa kiganja vile vile. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta. Kijana mmoja akasogea na sepetu, na mama akainua mkongojo.

"Jaribu uone."

Kijana akarudi nyuma. Mama akatugeukia sisi. "Na nyinyi mkae. Hakuna mtu anatoka hapa."

Tukakaa tumemzunguka mtoto mpaka akachoka kucheza, akasinzia. Tulipomtoa, vijana walikuja wakapakia rundo lote, na shimo letu likaondoka na lori kuelekea barabara ya Mombasa.