Pale Anapopumua

Wapiga saksafoni wengi hufumba macho wakinogewa. Yule wa bendi ya hotelini hafumbi. Hupuliza huku ameyakodoa, anamkagua mpiga ngoma, anamkagua mpiga besi, anarudi kwa mpiga kinanda, kama mwenye duka aliyeingiliwa na wateja wengi kwa mpigo. Ndiyo maana wenzake wakamwita Mzee Macho, na jina likamganda, hata mkewe hulitumia siku za hasira.

Ukimuuliza kwa nini hamwamini mtu, atakwambia muziki wa jazi ndio uliomfunza. Muziki gani huo, atasema, mwenzako anauanza wimbo kwa njia hii na kuumaliza kwa njia ile, na wewe huna habari mpaka ameshafika? Ukisinzia umeachwa. Mimi nasema alizaliwa hivyo. Mtu anayechomoa ulimi wa saksafoni, kile kipande cha mwanzi kinachotetema mdomoni, na kwenda nacho chooni ili wenzake wasiuchezee, huyo hakufunzwa na jazi.

Lakini kupuliza anajua, tusimpunje. Alianza ujanani, mchana akifanya kazi kiwanda cha magunia na jioni akijifunza kwenye bendi ya kiwanda hichohicho. Vumbi la magunia likamwachia kifua kibovu. Daktari akamkataza kupuliza, naye akamshuku daktari. Alisema lazima yule bwana ana ndugu yake anayetafuta kazi kwenye bendi.

Kifua hicho ndicho kilichompa sauti. Kuna wimbo aliomtungia mkewe walipokuwa wachumba, wenye mstari mmoja mrefu unaopanda taratibu. Mpigaji mwingine angeumaliza kwa pumzi moja. Yeye hafiki. Hukata kabla tu ya kilele, mahali ambapo sikio lolote linasema endelea, anavuta pumzi, ndipo anamalizia. Ni kosa, na mwalimu wa muziki angemchapa. Ila wateja wamelizoea kosa lenyewe, na likikaribia hushikilia vijiko hewani wakilisubiri.

Basi siku moja ya mazoezi aliwahi, kwa sababu kliniki hakukuwa na foleni. Akapita korido ya jikoni, ile inayonuka sabuni ya vyombo, na alipokaribia chumba cha mazoezi akasikia saksafoni. Wimbo wake. Akaganda. Mstari ukapanda, ukapanda, na kabla ya kilele ukakatika. Kimya kidogo. Kisha ukamalizika.

Mtu kupiga wimbo wako si neno. Lakini mwenye kifua kizima atakata pale kwa nini, kama hakutumwa akuige mpaka ugonjwa wako?

Akausukuma mlango. Mpiga ngoma, ambaye ndiye kiongozi wa bendi, alikuwa anakaza ngozi ya ngoma. Mpiga besi anatafuna mkate. Mpiga kinanda, mwalimu mstaafu ambaye wote humwita Ticha, ameweka mikono magotini kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Saksafoni hakuna.

"Karibu, mzee," kiongozi akasema. "Leo umewahi."

"Nimewahi, eeh. Kuna mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Nauliza tu."

Akajifanya anatafuta kitambaa. Akafungua kabati, akachungulia nyuma ya pazia, akafungua na mlango wa uani, ambako mpishi alikuwa anamenya vitunguu.

"Umemwona mtu katoka hapa na saksafoni?"

Mpishi alimtazama kwa macho yaliyojaa machozi. "Mzee wangu, mimi hapa hata kisu sikioni."

Nyumbani alimkuta mkewe, fundi cherehani, anapinda suruali ya mteja.

"Wameleta mtu," akamwambia. "Wananichimba."

"Umeanza."

"Nimemsikia kwa masikio yangu, mke wangu. Anakata palepale ninapokata."

Cherehani ikasimama. Hapo ndipo moyo ulipomlipuka mzee wa watu, maana mkewe akisikia habari za njama hucheka, na safari hii hakucheka. Aliukata uzi kwa meno, akasema, "Kula kwanza." Tangu hapo akawa anamchunguza hata yeye: kwa nini simu anaipokelea uani, na kwa nini anashusha sauti.

Siku ya mazoezi iliyofuata aliwahi makusudi. Akanyata koridoni, akasikia tena wimbo wake, akausukuma mlango kwa bega. Ticha alikuwa ameinamia kinanda chake cha umeme, vidole vinatembea, na sauti ya saksafoni ilikuwa inatoka kwenye spika yake.

"Kumbe ni wewe!"

"Kaa kwanza, mzee."

"Sikai! Hicho kinanda hakina mapafu, Ticha. Kinavuta umeme. Pale unakata kwa nini?"

Ticha akavua miwani. "Nisipokata, sio wimbo huo tena."

"Nani kakutuma?"

Ticha akamtazama kiongozi. Kiongozi akatazama ngoma yake. "Shemeji, mkeo," akasema hatimaye. "Alikuja hapa. Kasema kliniki wamemwambia kifua chako kinaisha. Akatuomba, ikitokea ukashindwa mbele za watu, usiadhirike. Tuliogopa kukwambia. Ungesema tunakuzika."

"Kwani mnafanya nini?"

Iliyomuuma zaidi si bendi. Wimbo aliomtungia mwanamke, mwanamke huyohuyo kaubeba akaugawa kwa watu. Alirudi nyumbani akalala bila kula, na mkewe, aliyeona uso ule, akakifunika chakula.

Kichwani alikuwa ameshapanga mtihani. Bendi yao ina sheria moja: zamu ya mtu haiguswi mpaka mwenyewe ampe mwenzake kichwa, yaani amwitikie kwa kichwa kwamba chukua. Akinyamaza tu, anasubiriwa. Jumapili mchana, watu wakila, angenyamaza makusudi katikati ya mstari wake. Ticha akiudandia, basi ni mwizi, na huyo wanayemwita shemeji aende akaishi naye.

Jumapili ikafika. Mkewe alikuja pia, akakaa karibu na nguzo, na hilo nalo likamtia shaka, kwa kuwa siku zote huwa haji. Wimbo ukaanza. Mstari ukapanda, na alipofika mahali pake akaitoa saksafoni mdomoni, akamkodolea Ticha.

Mikono ya Ticha ilibaki magotini. Besi ikazunguka palepale, ikazunguka tena. Vijiko vikaning'inia hewani, kisha vingine vikashuka, watu wakaanza kutazamana. Hakuna aliyegusa zamu yake.

"Tupo, mzee," mpiga besi akanong'ona. "Tunakusubiri."

Aibu ikamshika, aibu tamu. Akairudisha saksafoni mdomoni amalizie. Kifua kikagoma. Akavuta, hewa ikaishia kooni. Akajaribu tena, ukatoka upepo mtupu usio na sauti. Wale wenzake, hawa aliowakagua miaka yote, waliendelea kumsubiri kwa uaminifu, na uaminifu wao ndio uliokuwa unamwadhiri. Karibu na nguzo mkewe alikuwa ameshanyanyuka nusu. Angeweza kusimama hivyo mpaka wateja waondoke. Katika wimbo ule hakuwahi kumpa mtu kichwa.

Akamtazama Ticha. Akaitikia kwa kichwa.

Ticha aliuanza mstari upya, kutoka chini, taratibu. Mzee Macho akajishusha kitini, saksafoni mapajani, akausikiliza wimbo wake ukipanda bila yeye, ukipanda, mpaka kabla tu ya kilele. Pale kinanda kikanyamaza, na ukumbi mzima ukanyamaza nacho.

Mzee Macho akavuta pumzi. Macho alikuwa ameyafumba.