Transfa Mbili za Twyla

Ukitaka kumkasirisha Ardis Kvamme, mwambie kitu cha mtumba ni kizima kwa sababu aliyekiuza kasema ni kizima. Atakutazama juu ya miwani, atajifuta mikono kwenye suruali, kisha atakuuliza, "Wewe ulikuwemo ndani?" Hapo utajiona mjinga, na haki yako.

Karakana yake iko kusini ya Chinook, Montana, kando ya barabara ya changarawe, kwenye ghala aliloachiwa na baba yake. Mzee alitaka mtoto wa kiume wa kumrithisha spana. Akapata Ardis, akanuna kidogo, halafu akaona binti mwenyewe anafungua giaboksi huku anaimba, akaacha kununa. Tangu hapo hakuna pikapu ya mfugaji katika bonde lile ambayo Ardis hajawahi kulala chini yake. Wako wanaosema mama yule ana maringo. Anayo, kwa nini asiwe nayo? Mimi ningekuwa na mikono ile ningeringa mpaka kanisani.

Ana desturi moja ambayo wanaume wa huko huicheka, ila huifuata. Transfa ya mtumba, lile dude zito linalokaa nyuma ya giaboksi na kugawa nguvu ya injini ili matairi yote manne yavute, haifungi kwenye gari la mtu mpaka mwenye gari aizungushe kwa mkono wake mwenyewe, macho kayafumba. Ukimuuliza kisa, anakujibu, "Huko mlimani mtakuwa wewe na yeye tu. Mimi nitakuwa nimelala." Basi utawakuta wanaume wazima, kofia mkononi, wamefumba macho mbele ya meza yake kama wanaombewa.

Mwezi wa Machi mwaka ule, transfa iliyoletwa ilikuwa ya Twyla Bergstad. Mumewe Twyla, Dale, alikuwa amefariki msimu wa kuvuna majani. Alimwachia mjane wake ng'ombe, trekta bovu na pikapu moja. Twyla aliwaambia watu wazi kwamba angejaribu msimu mmoja wa kuzalisha. Ndama wakifa mikononi mwake, angeuza kila kitu akaishi na binti yake Billings, kwenye chumba cha juu ya gereji. Alilisema hilo bila kulia, lakini kila aliyemsikia alijua kwamba Billings ingemmaliza.

Sasa ng'ombe walikuwa wameanza kuzaa kwenye malisho ya juu, barafu imejaa njiani, na pikapu ikamfia kilimani ikiwa na majani mgongoni. Transfa ilivunjika meno, gari likavutwa mpaka kwa Ardis. Redio nayo ikatangaza dhoruba ya theluji, ije kesho yake.

Shemeji yake Merle, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeokoa jahazi, kwa maneno yake mwenyewe. Alikwenda yadi ya magari mabovu akarudi na transfa ya aina ileile, inang'aa, akaitua juu ya meza ya Ardis kwa kishindo.

"Haya, bibi fundi! Gari ilikotolewa ilipinduka, lakini maili zake kwenye dashibodi ni za mtoto. Ifunge, shemeji yangu aende zake."

"Nani kaiosha?" Ardis aliuliza.

"Wa yadi. Watu wastaarabu wale."

"Mm." Kwa Ardis, hilo lilikuwa tusi.

Alianza na nje. Alipitisha kidole kwenye kila kona ya ganda akitafuta ufa. Akalinganisha meno ya shafti inayoingia na yale ya transfa ya zamani ya Twyla, maana kuna watu wamewahi kufika mpaka chini ya gari ndipo wakagundua meno hayalingani. Yalilingana. Kisha akafungua kizibo cha chini, akakinga oili kwenye sahani nyeupe ya bati aliyokuwa akiokea pai mama yake, akaipeleka dirishani. Oili ilikuwa safi, nyekundu, haina hata unyoya wa chuma. Akazungusha sumaku ndani yake, ikatoka bila chembe ya chuma.

"Si unaona?" Merle alishangilia. "Safi kabisa!"

"Ndiyo inayonitia wasiwasi. Transfa imekaa yadini kwenye gari lililopinduka, halafu oili yake ni ya jana? Mtu haogeshi mgonjwa bila sababu, Merle."

"Ardis, mama yangu, dhoruba inakuja! Wewe unafanya uchunguzi wa maiti!"

"Ukiniharakisha nitakutoa nje ukaongee na mbwa. Yeye ana subira." Akageuka. "Twyla, njoo. Fumba macho."

Twyla alikuwa amesimama mlangoni muda wote na makoti mawili mwilini, moja la kwake na moja la Dale. Alisogea. Ardis alimshika mkono akauweka kwenye shafti ya kuingilia. Twyla akazungusha. "Laini," akasema. "Laini kama mpya." Ardis akasukuma wenzo mpaka nyutro, pande mbili zisishikane, akauhamishia mkono wa mjane kwenye shafti ya kutokea nyuma. Twyla alizungusha, akasimama, akarudia polepole.

"Kuna mchanga humu."

"Mchanga gani?" Merle alidakia. "Mbona mimi sikusikia mchanga?"

"Hapa, Ardis. Inakwaruza, inaacha, inakwaruza tena. Na inachezacheza nikiiinua." Alifumbua macho, uso umemshuka. Alikuwa amelipata jibu ambalo hakulitaka, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Ardis akamgeukia Merle. "Hiyo gari, kwenye bampa ya mbele, hukuona vyuma vimetokeza?"

Merle alijikuna. "Viwili. Nilidhani ni urembo."

"Urembo! Wewe kila mwaka unakwenda Arizona na gari-nyumba, unaburuta gari lako dogo nyuma kwa vyuma hivyohivyo, leo unaniambia urembo?"

Merle alikaa juu ya tairi.

Ndiyo kosa la watu wa kule hilo. Wazee wakikimbia baridi huendesha gari-nyumba mpaka jangwani, na gari dogo linafuata nyuma likiburutwa, transfa iko nyutro. Swichi imezimwa, kwa hiyo mita ya maili, inayotegemea umeme wa gari, imelala wala haihesabu hata maili moja. Lakini matairi yanazunguka, na upande wa nyuma wa transfa unazunguka nayo, nenda rudi, miaka nenda miaka rudi. Na nani atakumbuka kuangalia oili ya gari ambalo hajaliwasha? Ardis alilifungua ganda mbele yao. Upande wa kutokea, beringi ilikuwa imeungua ikawa ya buluu. Upande wa kuingilia ulikuwa haujafanya kazi hata ya kutoa jasho.

"Nisamehe, shemeji," Merle alisema. Safari hii hakuwa na mzaha. "Kwa kweli nilitaka kusaidia."

"Najua," Twyla alijibu. "Basi ndiyo imeisha. Nitampigia mwanangu."

"Humpigii mtu," alisema Ardis. Alikuwa ameivuta transfa ya zamani, ile iliyovunjika, na anaifungua kwa mikono ambayo sasa ilikuwa inakimbia. "Hii yako imekufa wapi? Mbele, huku kwa kuingilia, kwa kuvuta mzigo. Nyuma nzima. Ile ya Merle imekufa nyuma, mbele nzima. Twyla, una transfa mbili mbovu na moja nzuri, na hiyo nzuri iko hapa mezani. Merle, acha kulia, lete ile petroli tuoshee vyombo."

Alivipanga vipande juu ya turubai, akavipima kimoja kimoja, akavikataa viwili kwa sababu tu hakuvipenda. Merle aliosha kila alichopewa, tena vizuri. Alipolifunga ganda, Ardis alimwita Twyla tena. Twyla akafumba macho, akazungusha mbele, akazungusha nyuma, mkono wake ukakaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Haikwaruzi," alisema.

"Basi ni yako."

Jioni ileile ikafungwa kwenye pikapu, Twyla akaondoka nayo kwenda kwa ng'ombe wake, na dhoruba ikaja kama ilivyotangazwa. Asubuhi yake Ardis hakugusa kazi. Aliteleka maharage yenye nyama, akaweka mezani mikate ya mdalasini, halafu akawa anakwenda dirishani na kurudi. Barabara ilikuwa nyeupe tupu. Alijilaumu kwamba labda beringi moja aliipenda haraka mno. Alimkumbuka Twyla na makoti yake mawili, akajuta kumkataza kupiga simu.

Karibu na adhuhuri akasikia injini. Alitegea sikio kwanza, kama fundi, akatafuta mlio mbaya akaukosa. Ndipo akatoka mbio bila kofia.

Twyla alishuka, barafu imemganda kwenye nyusi. "Ilipanda yote, Ardis. Mpaka juu. Wamezaa wanne usiku, wanne wote wapo. Huyu mmoja alikuwa karibu aniponyoke." Akafungua mlango wa abiria. Sakafuni, mbele ya hita, ndama mweusi alikuwa amelala amefunikwa koti la Dale.

"Yuko hai?"

"Usiniulize mimi. Lete mkono. Fumba macho."

Ardis Kvamme akafumba macho. Twyla akamshika vidole vile vyeusi vya oili akavitia kwenye mdomo wa ndama. Ulikuwa wa baridi, na kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu ulimi ukajikunja, ukavishika, ukaanza kunyonya kwa nguvu.

"Haikwaruzi?" Twyla aliuliza.

Ardis alitikisa kichwa. Akabaki amepiga magoti kwenye theluji na vidole vyake vinanyonywa, analia.