Kikombe Changu Msumarini

Kitu cha kwanza nilichokiona nyumbani kwa mume wangu kule Mbuchi ni vichwa vya kamba. Vimemwagwa nyuma ya jiko, vimeoza, nzi wamevivaa. Nikaziba pua. Mume wangu akacheka, akasema nitazoea. Nikamwambia sikuja kuzoea uchafu, nimekuja kwa mume, na msimu wa kamba ukiisha tunarudi wote Kibiti, la sivyo narudi peke yangu. Akasema sawa. Mwanamume akisema sawa haraka vile, ujue hajasikia.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, ndiyo kwanza matajiri wa Dar wameanza kuleta boti za barafu huko deltani. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi mume wangu kilikuwa kimefungwa, naye kwao ni Mbuchi, basi akapewa mizani awe anawanunulia kamba. Ndoa yetu bado mbichi. Mimi mtoto wa Kibiti, niliyekulia kwenye udongo mkavu na maji ya kisima, nikabeba katoni ya sabuni za kunukia, zile zilizojaa madukani baada ya miaka ya kuisaka sabuni kama dawa. Kumbe maji ya kule yana chumvi. Sabuni inateleza mwilini kama kamasi, povu hakuna. Nilikuwa naoga, natoka nanuka waridi na kamba kwa pamoja.

Hayo yote si kitu mbele ya maji ya kunywa. Maji ya bahari yakipwa, shangazi wa mume wangu alikuwa anapiga kafi kupanda mto mpaka yanakoonjeka matamu. Haendi na ndoo. Anausugua mtumbwi kwa majivu, kisha anachota maji na kuyamwaga humohumo ndani, mpaka mtumbwi unabaki kuelea kwa shida. Ndivyo anavyorudi, amekaa nyuma, miguu yake imo ndani ya maji ya kunywa. Mtumbwi uleule uliobeba kamba jana, na miguu ileile iliyotoka kukanyaga tope.

Siku niliyofika alinichotea kata ya maji hayo, maana desturi yao bibi harusi mgeni ndiye anayetangulizwa kunywa. Watu wamesimama wananitazama. Nikaona sharubu ya kamba inaelea. Nikayatia mdomoni, nikayatema. Shangazi hakukasirika.

"Mwanangu," akasema, "ukipenda boga, penda na ua lake."

"Shangazi, boga nimelipenda. Ua limekanyagwa."

Wakacheka wote, yeye kuwashinda.

Tangu siku hiyo nikawa nachuja maji yangu kwa kitambaa, nachemsha, nanywa kwa kikombe changu cha bati kilichokuwa kinaning'inia msumarini. Ole wake atakayekigusa. Siku moja mume wangu alitoka kwenye mizani ana kiu, akakinyooshea mkono, maji ya shombo yanamchuruzika mpaka viwikoni. Nikamwonyesha kata. Akanywa kwa kata, akarudi kwenye mizani. Kitandani nilikuwa nampa mgongo, kwa sababu shombo lilikuwa kwenye kucha zake, kwenye nywele, na kwenye mto tunaolalia.

Msimu ukaisha. Nikamkumbusha maneno yetu. Akasema Kibiti hana kazi, na hapa ndipo kwao.

"Nenda kwa mama yako ukapumzike," akasema. "Ukitaka kurudi, rudi. Usipotaka, nitakuja tumalizane mbele ya wazee."

Nikafunga mzigo nikiwa na hakika kwamba sirudi. Shangazi ndiye aliyenivusha, kwenye mtumbwi wake, nami nimeinua miguu nisiguse maji ya chini.

Mama alinipokea mlangoni. Akanikumbatia, halafu akajitoa polepole.

"Mwanangu, unanuka nini?"

Nikaoga maji ya kisima, povu tele, nikajisugua mpaka ngozi ikawasha. Nikaomba maji ya kunywa, akanipa kwenye bilauri yake ya kioo. Baadaye nilimwona uani anaisugua kwa majivu. Akainusa, akaisugua tena. Kisha akaiweka dirishani peke yake, mbali na nyingine. Jioni nilipoona kiu, akaniletea ileile.

"Hii iwe yako," akasema kwa upole.

Nikaishika ile bilauri. Kinyaa kilinipanda, na safari hii hakikuwa cha kamba. Nikamkumbuka mume wangu, kata mkononi, nami nimemnyima kikombe changu.

Msimu ulipofunguliwa tena, nikarudi Mbuchi. Vichwa vya kamba vilikuwa palepale nyuma ya jiko, vinanuka kupita nilivyoviacha, nikatapika kabla sijatua mzigo. Kikombe nilikuwa nimekisahau, kiko msumarini, kimeshika vumbi. Hakuna aliyekigusa. Nikakifuta kwa kanga, nikachota maji ya mtumbwini bila kuyachuja, nikampelekea mume wangu kwenye mizani. Alikitazama kwanza, akanitazama na mimi, akanywa. Alama za vidole vyake zikabaki ukingoni, zinanuka shombo. Nikanywa yaliyobaki, mdomo wangu palepale alipoweka wake, na Mungu anajua yalikuwa mabaya.