Kufuli Kwenye Chungu cha Maji

Chungu cha kupozea maji ni kitu rahisi, na yeyote mwenye mikono anaweza kukitengeneza. Tafuta vyungu viwili vya udongo, kimoja kikubwa na kingine kidogo kinachoingia ndani yake na kubakiza nafasi ya vidole vinne kila upande. Jaza nafasi hiyo mchanga wa mtoni. Lowanisha mchanga, tia maji ya kunywa kwenye chungu cha ndani, funika, kisha weka mahali penye kivuli na upepo. Maji ya mchangani yatapenya kwenye udongo wa chungu cha nje, upepo utayakausha, na kila yanapokauka yanaondoka na joto la ndani. Usikipake rangi chungu cha nje hata kama hakikupendezi, kwa sababu rangi huziba vitundu vidogo ambavyo ndivyo vinavyofanya kazi yote. Mara ya kwanza huenda kisipoze. Usikate tamaa. Changu cha kwanza kilipasuka, cha pili kilinuka.

Nilikitengeneza kwa ajili ya baba yangu, ambaye daktari alimkataza maji.

Si kwamba alimkataza kabisa. Figo zake zilikuwa zimechoka. Maji aliyokunywa hayakupata njia ya kutoka, yakawa yanatuama miguuni, kisha tumboni. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa mbali na uwezo wetu. Tulichobaki nacho ni kipimo. "Vikombe viwili vidogo kwa siku," daktari wa mjini Tabora aliniambia, "na humo uhesabu chai, uji na mchuzi. Akizidisha yatapanda kwenye mapafu." Alimwambia na baba vilevile, lakini baba alikuwa akitazama dirishani, kule uani kwenye bomba, ambako mtu alikuwa ananawa miguu bila haraka.

Tulirudi Kigwa kiangazi kikiwa kimekolea. Wakati huo wa mwaka hata mbuzi hawatoki kwenye kivuli cha kuta, na bomba la kijiji hutoa maji siku linapotaka. Mtu mzima asiye na ugonjwa wowote hunywa mpaka tumbo likalia. Baba alitakiwa akae na vikombe viwili.

Nilichojua ni hiki: maji kidogo ya baridi hutuliza kiu kuliko maji mengi ya vuguvugu. Friji hatukuwa nayo, na barafu ya kununua karibu na stesheni ilifika nyumbani ikiwa maji. Basi nikaanza na vyungu. Wazo lenyewe, kusema kweli, lilikuwa lake. Alifanya kazi kwenye genge la reli maisha yake yote, na nilipokuwa mdogo alinionyesha jinsi walivyofunga chupa ya maji kwa gunia bichi na kuitundika kwenye kiberenge. Kiberenge kikikimbia, upepo unalipiga gunia, nao wakifika kazini wanakunywa maji kama ya kisimani. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi pale kijijini na nimewaeleza watoto wengi habari za mvuke, lakini mwalimu wangu wa kwanza wa somo hilo alikuwa yeye.

Ndiye aliyegundua pia kwa nini chungu cha pili kilinuka. Ili nisipoteze maji, nilikuwa namwagia mchangani maji niliyooshea mchele.

"Mama, mchanga hauli wali," aliniambia.

Tangu siku hiyo nikatumia maji ya kunawia mikono, yasiyo na sabuni, na kuosha mchanga upya kila ulipoanza kutoa harufu. Kisha nikanunua ile chupa ya kunyunyizia wanayotumia wasusi, nikaijaza maji ya chunguni, nikawa nampulizia mdomoni katikati ya kikombe kimoja na kingine. Puliza mara chache, funga mdomo, subiri. Ulimi unalowa, na kilichoingia tumboni ni kama hakuna.

"Unaninyunyizia kama mchicha," alisema.

"Mchicha haulalamiki, baba."

"Mchicha haujafanya kazi reli."

Tulicheka sana kipindi kile. Miguu ilinywea mpaka viatu vyake vikamwingia tena, na alasiri alitoka barazani akakaa kutazama treni ya mizigo ikipita, akiitoa kasoro kwa mlio wake. Akiomba maji kwa Kiswahili nilijua bado ana subira, tunaweza kuongea kidogo, kiu ikapita. Akiomba kwa Kinyamwezi, "minzi," sauti ikiwa chini, nilijua amefika mwisho, nami nilitoka nje kwa kisingizio cha kuokota kuni.

Mgonjwa ana wageni, na kwetu mgeni hupewa maji kabla hajaulizwa habari. Chungu kilikaa barazani penye upepo. Wageni walikunywa, wakashangaa, wakanyoosha kikombe tena. Baba alikaa pale pale akitazama koo zao zikipanda na kushuka. Siku moja nilirudi kutoka shule nikamkuta anahema kama aliyekimbia. Jirani yetu, mama mmoja mwema ambaye sijawahi kumwona akimkosea mtu, alikuwa amempa bilauri nzima, na nyingine juu yake.

"Amenitazama, mwalimu," aliniambia. "Ningefanyaje? Maji hayanyimwi mtu. Hata adui."

Tulimkimbiza hospitali ya mjini, wakafanikiwa kuyatoa. Daktari hakumuuliza jirani kitu. Aliniuliza mimi.

Asubuhi zote nilikuwa darasani, na baba hakuwa wa kuachwa na chungu wazi. Madumu nikayaingiza chumbani kwangu. Chungu kilikuwa kizito kuhamisha, nacho kikitolewa kwenye upepo hakipozi, kwa hiyo nikamwita seremala akakitengenezea fremu ya mbao yenye mfuniko, bawaba upande mmoja, komeo upande wa pili, komeo lenyewe limekazwa kwa bolti mbili zilizopenya mfuniko. Nikaweka kufuli. Ufunguo nilitembea nao.

Habari ilifika sokoni kabla yangu. "Hata dukani kwa mangi soda hazifungwi kufuli," mmoja alisema nikipima nyanya, wenzake wakainama kucheka. Mwingine alisema nasubiri mzee afe nirithi maji. Niliwaeleza. Yeyote aliyesimama nilimweleza habari za figo, taratibu, kama ninavyowaeleza darasa la nne. Walitikisa vichwa kwa heshima. Nadhani walielewa kila neno, na hawakukubali hata moja.

Ndipo shangazi yangu alipokuja kutoka Ziba, dada yake baba wa kumfuata, na kuku wake na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo baba alivipenda. Kwao maji ya kiangazi hutafutwa kwa kuchimba mchanga wa mto kwa mikono, unakaa unasubiri yatoke. Aliliona kufuli kabla hajakaa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hiki kimefungwa kwa ajili ya nani? Wezi au kaka yangu?"

Nikamweleza. Nilichukua ndoo ya maji ili aone: hii ni baba, maji yanaingia huku, tundu la kutokea limeziba. Alisikiliza hadi mwisho mikono ikiwa mapajani.

"Umemaliza kufundisha?"

"Nimemaliza, shangazi."

"Nipe ufunguo."

"Ufunguo siwezi. Maji yako haya kwenye ndoo, kunywa unavyotaka. Ila usimpe."

"Sikutoka Ziba kuja kunywa maji," alisema. "Zamani watu wasiojulikana walipita njia hii na mizigo kichwani, wakibisha hodi wanapewa maji, na hakuna aliyewauliza wana figo gani. Wewe unamnyima aliyekuzaa."

Baba alikuwa anasikia. Macho yake yalikuwa kwenye ndoo.

Kesho yake nilirudi adhuhuri. Mfuniko ulikuwa wazi. Komeo limewekwa juu ya kigoda, bolti zake mbili kando yake, zimepangwa vizuri kama vijiko. Mtaimbo wa baba, ule wa kazini, uliegemea ukutani. Baada ya kustaafu aliuweka chini ya kitanda chake, nyuma ya sanduku, na shangazi alikuwa hajawahi kuingia chumba kile isipokuwa kusalimia. Sijauliza nani alimwonyesha.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, kata mkononi, shati limelowa kifuani. Uso wake sikuwa nimeuona hivyo tangu kabla ya ugonjwa.

"Leo nimekunywa, mama," aliniambia. "Yamepoa vizuri."

Jioni hakuweza kulala chali, kisha hakuweza hata kuegemea. Tulipata gari la kwenda mjini. Hakurudi.

Msiba ulikuwa mkubwa na jua lilikuwa kali. Watu walikunywa kwenye chungu kile. Jirani alikuwa akikijaza, mimi nikikumbuka kulowanisha mchanga, maana hata siku kama ile ukiuacha ukakauka maji yanarudi kuwa moto. Shangazi alikaa kwenye mkeka kati ya kina mama, na wote waliofika aliwaambia jambo moja. "Kaka yangu hakuondoka na kiu." Wakaitikia, wengine wakifuta machozi, na baadhi wakanitazama mimi, kisha wakatazama kikombe walichoshika. Ningeweza kuinuka na kueleza habari ya ndoo na tundu. Nilikuwa nimeeleza vya kutosha. Tena nilikuwa nimeuona uso wa baba siku ile.

Mzee mmoja aliyefanya kazi na baba kwenye genge alimaliza kikombe chake, akauliza maji haya yanapozwaje. Nikamweleza: vyungu viwili, mchanga, kivuli, upepo, usipake rangi. Wengine wakasogea kusikiliza. Siku chache baadaye wakaja nyumbani na maswali, nami nikawasaidia kuchagua vyungu kwa wafinyanzi, kwa sababu si kila chungu kinafaa, na si haki mtu atoe jasho lake bure. Sasa kila nikipita naona vyungu hivyo kwenye baraza za watu.

Huwa wanaukagua mfuniko wangu kwa makini ili wasikosee. Waliniuliza yale matundu mawili yaliyoachwa na bolti ni ya nini, nikasema ni ya kupitisha hewa. Juzi nilipita kwa jirani yetu, akaniita nione chungu chake kipya. Mfuniko ni wa mbao nzuri ya mninga. Ametoboa mawili, palepale.