Mkanda wa Harusi na Resiva ya Kaka

Kaka yangu aliuza pamba, akaenda Mwanza, akarudi na resiva. Ilikuwa miaka ya soko huria, vitu vinaingia madukani kila kukicha, na mtaa wetu wa Bariadi sisi ndio tulikuwa wa kwanza kuwa na deki mbili, ya mikanda na ya CD, zote zinapita kwenye resiva ndipo picha iende kwenye TV. Nilifunga mimi. Ufundi sikusomea, nilijifunza kwa kufumua redio za watu.

Jumamosi mama mkwe wa kaka akaja kutoka Ngulyati kuangalia mkanda wa harusi. Siku ya harusi yenyewe alikuwa amelazwa, hakuona kitu. Na kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawakai chumba kimoja. Basi yeye akakaa sebuleni, kaka akabaki nje ya dirisha, ametupa mgongo.

Nikabonyeza. Kwaya ikaimba mpaka vikombe vikatetemeka. Picha hakuna, bluu tupu.

"Kumbe mmenunua redio kubwa," akasema jirani mmoja aliyekuja kutazama.

"Rudia," nikamwambia, bisibisi mkononi. "Sema tena kuhusu kitu cha kaka yangu."

"Dogo, achana naye," kaka akasema kule nje. "Waya wa njano wa TV umeuchomeka wapi?"

"Kwenye resiva, braza. Tundu la njano. Yako mengi."

"Hayo mengi ni ya kuingizia, ya deki. La kutolea picha ni moja, liko peke yake pembeni."

Kweli. TV nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu la kuingizia, resiva inapokea tu, haitoi. Na asubuhi nzima nilikuwa najitapa. Nikahamisha waya.

Binti wa mama mkwe akatokea kwenye TV na shela. Mama mkwe, mayu kama tunavyomwita mama kwetu, akashika mdomo. Halafu akaja kaka, suti na jasho, uso umejaa kioo kizima. Nikakimbilia kuziba kwa mkono.

"Toa mkono," mayu akasema. "Huyo si yuko kwenye TV?"

Akasogeza stuli. Miaka miwili ni mkwe wake, hajawahi kumwona sawasawa.

"Kumbe ana mwanya," akasema taratibu. "Rudisha nyuma, baba. Nimwone vizuri huyu mtoto wangu wa kiume."

Nje kaka akakohoa. Nikarudisha mara tatu.